Mtakatifu Pier Giorgio Frassati: Hatari Ipi Inastahili Maisha Yako?



Simu yangu imeshanizoea. Inajua kwamba ikinitupia video ya mtu anayeteleza kwenye theluji kwa skii, nitaiangalia mpaka mwisho. Unazijua hizo video. Kijana amesimama juu ya kilele, mbele yake mteremko mweupe ambao ukiutazama tu miguu inalegea. Anajiachia. Anaruka jabali, anajipindua hewani mara mbili, anatua, anaendelea kushuka huku theluji ikiruka nyuma yake kama vumbi. Dakika tatu, kwisha. Na mimi ni mtu wa nchi ya joto, theluji nimeiona kwa mbali tu, juu ya Kibo, asubuhi ambazo mawingu yamekubali kupisha.

Basi kuna swali ambalo limekuwa likinijia. Huyu ninayemtazama ni jasiri, au anachezea uhai ambao Mungu alimpa? Kijana Mkatoliki akipenda mambo ya hatari, je, anakosea? Watu wazima wengi wangejibu haraka: acha, utavunjika shingo! Mimi sikutaka kujibu haraka hivyo, kwa sababu kuna mtakatifu mmoja anayenizuia. Alipanda milima kwa kamba na shoka la barafu. Aliteleza kwa skii. Alikufa akiwa na miaka 24, lakini mlima haukuhusika na kifo chake. Anaitwa Pier Giorgio Frassati, na leo napenda nikusimulie maisha yake taratibu, ili swali letu lijibiwe na maisha ya mtu, tusibaki na maneno matupu.

Mtoto wa nyumba ya kitajiri

Pier Giorgio alizaliwa Torino, kaskazini mwa Italia, tarehe 6 Aprili 1901. Ilikuwa Jumamosi Kuu, siku Kanisa linapokesha kaburini kwa Bwana likisubiri Ufufuko. Baba yake, Alfredo Frassati, alikuwa mmiliki wa gazeti kubwa la La Stampa, baadaye seneta, na kuanzia mwaka 1920 balozi wa Italia mjini Berlin. Mama yake, Adelaide Ametis, alikuwa mchoraji. Alikuwa na mdogo wake mmoja wa kike, Luciana, ambaye aliishi miaka mingi sana na ndiye aliyetunza kumbukumbu nyingi za kaka yake.

Usidhani ilikuwa nyumba ya sala. Baba hakuwa mtu wa dini. Mama alifuata taratibu za Kanisa, lakini hakumwelewa mwanaye aliyetaka kwenda Misa kila siku. Shuleni napo kijana hakuwa wa kwanza darasani. Alifeli Kilatini, akahamishiwa shule ya Wajesuiti, na huko ndiko alikozoea kupokea Komunyo Takatifu kila siku. Mwaka 1918, akiwa na miaka 17, alijiunga na Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Mwaka huohuo akaingia chuo cha ufundi cha Torino kusomea uhandisi wa migodi. Kwa nini migodi? Kwa sababu wachimbaji walikuwa watu waliosahauliwa, na yeye alitaka kumtumikia Kristo akiwa katikati yao.

Mwaka 1922 akawa Mdominikani wa Utawa wa Tatu, yaani mlei anayeishi roho ya Mtakatifu Dominiko hapohapo alipo, bila kuingia konventi. Kijana wa chuo, mcheshi, mwenye sauti kubwa, anayependa sigara yake ya kiko, na Rozari mfukoni. Huyo ndiye.

Mlima ulivyomkamata

Familia ilikuwa na nyumba huko Pollone, chini ya milima ya Biella. Juu yake kuna madhabahu maarufu ya Mama Bikira Maria wa Oropa. Pier Giorgio alizoea kuamka kabla watu hawajaamka, akapanda kwa miguu hadi kwa Mama, akasali, akarudi. Naona hapo ndipo mlima na sala vilipofungwa pamoja katika maisha yake, visitengane tena.

Alipokua alijiunga na Klabu ya Wapanda Milima ya Italia, na pia chama cha Kikatoliki kiitwacho Giovane Montagna kilichoanzishwa Torino mwaka 1914. Alipanda vilele ambavyo si vya mchezo: Monviso, Grivola, Bessanese. Wakati wa baridi alichukua skii. Alifika mpaka kwenye pito la Piccolo San Bernardo, mpakani mwa Italia na Ufaransa.

Tusimame kidogo kwenye hizo skii za wakati ule, maana ni tofauti na tunazoziona kwenye simu. Zilikuwa mbao ndefu, zimefungwa kwenye buti kwa mikanda na vyuma, na mguu ukijipinda hazifunguki zenyewe kama za leo. Hakukuwa na helikopta ya kukuweka kileleni. Ulifunga vipande vya ngozi ya sili chini ya mbao ili zisirudi nyuma, ukapanda kwa saa nyingi, halafu ukashuka kwa dakika chache. Kila mteremko ulilipiwa jasho kwanza.

Na theluji yenyewe si godoro. Watu wanaoifahamu wanasema hatari kubwa iko kwenye miteremko ya kati ya nyuzi 30 na 45, na hiyo ndiyo mizuri zaidi kuteleza. Theluji hulala tabaka juu ya tabaka. Kama tabaka la chini ni dhaifu, uzito wa mtu mmoja unatosha kulivunja, na upande mzima wa mlima unashuka. Mara nyingi poromoko linaloua mtu limeanzishwa na yeye mwenyewe au mwenzake wa msafara. Ukifunikwa, matumaini makubwa yako kwenye dakika 10 hadi 15 za kwanza, baada ya hapo yanaporomoka haraka. Kwa hiyo anayekuokoa ni yule uliyepanda naye, siyo helikopta itakayokuja baada ya saa nzima. Leo watu wa milimani wanavaa kifaa cha redio kinachotoa ishara, wanabeba fimbo ndefu ya kupapasia chini ya theluji, na koleo. Enzi za Pier Giorgio redio hizo hazikuwepo. Kinga yao ilikuwa macho, uzoefu, na wenzao.

Jiji la filamu za skii

Hapa kuna jambo lililonishangaza. Mwaka 1921, baba akiwa balozi Ujerumani, Pier Giorgio alikwenda mji wa Freiburg kujifunza Kijerumani. Alikaa na familia ya Rahner, Wakatoliki wenye watoto wengi, ambao kijana wao Karl alikuja kuwa Mjesuiti na mwanateolojia mkubwa wa karne ya 20. Mji huohuo wa Freiburg, mwaka mmoja tu kabla, mwanajiolojia aitwaye Arnold Fanck alikuwa ameanzisha na wenzake kampuni ya filamu za milima na michezo. Mwaka 1920 walitoa filamu ya skii iitwayo Das Wunder des Schneeschuhs, jina linalosifu maajabu ya viatu vya theluji. Hizi ndizo nyanya za video zetu za leo. Wapiga picha walibeba kamera nzito mgongoni mpaka kwenye barafu, ili watu waliokaa kwenye viti mjini waone mtu akiruka mwanya.

Kwa hiyo Pier Giorgio si mtu wa zamani zisizojua kamera. Aliishi wakati uleule ambapo mlima ulianza kuwa sinema, na yeye na rafiki zake walipigana picha nyingi wakiwa juu. Picha zake maarufu tunazoziweka kwenye fulana ni za mlimani. Kamera yenyewe siyo dhambi.

Lakini filamu ina tabia moja: inakuonyesha ruko, inakuficha maandalizi. Wateleza skii wa filamu za kweli wanasubiri siku nyingi theluji itulie. Wanachimba shimo kuangalia matabaka, wana waongozaji, wana mwenzao wa uokoaji anayesubiri chini. Siku nyingine wanaangalia mteremko, wanatikisa kichwa, wanarudi nyumbani. Hayo hayawekwi kwenye dakika tatu. Mtazamaji wa miaka 17 anabaki akidhani kwamba ujasiri ni kutofikiri.

Na hata kwa wanaojiandaa, wakati mwingine mambo huharibika. Tarehe 26 Machi 2009, Shane McConkey, mmoja wa wateleza skii waliopendwa sana kwenye filamu hizo, alikufa katika milima ya Dolomiti, Italia, wakati wa kurekodi. Aliruka genge kwa skii akiwa na parachuti mgongoni, skii hazikufunguka kwa wakati, na alipofanikiwa kuzitoa umbali uliobaki haukutosha. Aliacha mke na binti mdogo. Simtaji ili nimhukumu. Alikuwa mtu makini, wenzake walimheshimu, na tumwombee pumziko la milele. Namtaja kwa sababu video haina kitufe cha kuonyesha wale wanaobaki nyumbani wakisubiri simu.

Alivyojiandaa yeye

Sasa turudi kwa kijana wetu. Alikuwa na ratiba. Kwanza, Misa. Kama safari ingemfanya akose Misa ya Jumapili, hakwenda. Na kumbuka, enzi hizo anayetaka kupokea Komunyo alifunga tangu usiku wa manane, hata maji. Kwa hiyo kijana anayeelekea kwenye baridi kali alianza siku bila chai, akisubiri meza ya Bwana.

Pili, dhamiri. Katika barua kwa rafiki aliwahi kueleza kwamba anayekwenda milimani inampasa awe ameweka dhamiri yake sawa, kwa sababu hakuna anayejua kama atarudi. Haya si maneno ya mtu anayetafuta kufa, na wala si ya mwoga. Ni ya mtu anayekubali kwamba mlima ni mlima. Anayeungama kabla ya kupanda hawezi kujidanganya kwamba hatari ni ya wengine.

Tatu, wenzake. Hakupanda ili awashinde. Waliokuwa naye walisimulia jinsi alivyobaki nyuma na aliyechoka, akamsaidia mzigo. Mwaka 1924, tarehe 18 Mei, pale Pian della Mussa katika mabonde ya Lanzo, yeye na rafiki zake walianzisha kikundi walichokiita kwa utani jina lenye maana ya watu wa kutiliwa mashaka. Wakajipa majina ya ajabu. Yeye akajiita Robespierre, kiongozi wa Mapinduzi ya Ufaransa! Walicheka sana, wakataniana sana, lakini nyuma ya utani kulikuwa na ahadi ya kuombeana. Juu ya barafu walifungana kamba moja. Chini mjini waliendelea kufungana kwa sala.

Hiyo kamba mimi naipenda sana. Ukijifunga kamba na mwenzako, hatari yako imeshakuwa yake. Huwezi tena kusema maisha ni yangu, niacheni. Ukianguka kwa upumbavu, unamvuta.

Kanisa la wakati wake lilielewa haya vizuri, kwa sababu Papa mwenyewe alikuwa mpanda mlima. Papa Pio XI, Achille Ratti, alipokuwa padre alipanda Monte Rosa mwaka 1889 kwa upande wa Macugnaga, ulio mgumu mno, na yeye na wenzake wakalazimika kukesha usiku mzima kwenye ukingo mwembamba wa mwamba, bila kuthubutu kusinzia. Mwezi Agosti 1923 akamtangaza Mtakatifu Bernardo wa Menthon, aliyejenga nyumba za kuwahifadhi wasafiri kwenye mapito ya Alps, kuwa msimamizi wa wapanda milima. Pio XI alifundisha kwamba kupanda mlima kwa haki hakuhusiani na kukimbilia hatari kichwakichwa. Kunahitaji busara pamoja na moyo, na jicho linaloona ukuu wa Muumba. Kwa hiyo busara na ujasiri si maadui. Katika Katekisimu yetu zinakaa kwenye orodha moja ya fadhila kuu nne.

Hatari zake nyingine

Ukisoma maisha ya Pier Giorgio unagundua kwamba mlima ulikuwa sehemu ndogo ya ujasiri wake. Septemba 1921 alikuwa Roma kwenye mkutano wa vijana Wakatoliki. Askari wakaingilia maandamano yao na kutaka kunyang'anya bendera. Yeye akaishikilia, akakamatwa pamoja na wenzake. Alipojulikana kuwa ni mtoto wa balozi, nafasi ya kutoka peke yake ilikuwepo. Hakuitaka. Alitoka na wenzake.

Mwezi Juni 1924 genge la mafashisti lilivamia nyumba yao Torino, yeye akiwa mezani na mama yake. Walianza kuvunja vitu. Kijana wetu akainuka, akapambana nao mpaka wakakimbia. Baba yake alikuwa amejiuzulu ubalozi baada ya Mussolini kushika madaraka, na familia haikupendwa na utawala ule.

Halafu kulikuwa na hatari ya kimyakimya kuliko zote: ngazi za nyumba za maskini wa Torino. Vyumba vyenye giza, maji machafu, kifua kikuu, watoto wenye homa. Pier Giorgio aliingia humo wiki baada ya wiki. Alipeleka dawa, chakula, kuni. Alilipa madeni ya watu. Alitoa nauli yake akarudi nyumbani mbio ili asichelewe chakula, na wazazi wakamlaumu kwa kuja akihema. Kwenye treni alisafiri daraja la tatu, tajiri huyo, ili kilichobaki kiende kwa mwingine. Wazazi hawakujua. Waliona kijana anayechelewachelewa kumaliza chuo na anayependa milima mno.

Hapo hakukuwa na kamera, jamani. Hata picha moja ya Pier Giorgio akiwa kwenye chumba cha maskini hukuti kwenye zile fulana. Mlimani alipigwa picha, kwa maskini hakupigwa.

Siku za mwisho

Tarehe 7 Juni 1925 alipanda miamba ya Lunelle, karibu na Traves. Kwenye picha yake ya siku ile, akiwa ameng'ang'ania mwamba akitazama juu, aliandika kwa mkono wake maneno machache ya kuhimiza kuelekea juu. Ulikuwa mpando wake wa mwisho.

Jumanne tarehe 30 Juni alianza kuumwa kichwa na mwili. Nyumbani bibi yao alikuwa anakata roho, na macho yote yalikuwa kwa bibi. Kijana mwenye nguvu akisema ameumwa, nani atashtuka? Walidhani ni mafua. Tarehe 1 Julai bibi akafariki. Pier Giorgio alijaribu kutembea kwenda kumwombea, akaanguka, akainuka, akaanguka tena. Miguu iliyobeba mizigo hadi Monviso ilikuwa inakufa ganzi. Hakutaka kuwaongezea huzuni, akanyamaza.

Madaktari walipotambua kwamba ni polio, ya aina inayoenda mbio, ilikuwa imechelewa. Chanjo ya polio ilikuja miaka 30 baadaye. Waliomfahamu waliamini kwamba aliipata kwa maskini aliokuwa akiwatembelea.

Ijumaa tarehe 3 Julai, siku yake ya kwenda kwa maskini, aliomba karatasi. Mkono ulikuwa tayari umepooza nusu, mwandiko hausomeki vizuri. Hakuandika wosia. Aliandika kuhusu sindano za mgonjwa mmoja maskini ambazo zilipaswa kumfikia, na risiti ya rehani ya mtu mwingine ambayo ingepitwa na wakati isipolipiwa upya. Alimwomba rafiki ashughulikie. Kesho yake jioni, tarehe 4 Julai 1925, akafariki.

Siku ya mazishi familia ilitegemea wakubwa wa Torino. Walikuja, ndiyo. Lakini barabara ilijaa watu ambao familia haikuwahi kuwaona, maelfu, maskini wa mitaa ile. Hapo wazazi walianza kumjua mtoto wao. Na maskini nao wengi walikuwa hawajui kwamba kijana wao alikuwa mtoto wa mwenye La Stampa.

Mtakatifu Yohane Paulo II, naye mpenda milima na skii, alimtangaza mwenye heri tarehe 20 Mei 1990. Papa Leo XIV alimtangaza mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, siku moja na Carlo Acutis. Na muujiza uliofungua mlango huo ulimhusu mseminari wa Los Angeles aliyeumia mguu akicheza mpira wa kikapu, akasali novena kwa Pier Giorgio, akapona. Mwanamichezo kamkumbuka mwanamichezo!

Mnara wa hekalu na mlima wa Kalvari

Sasa nirudi kwenye swali langu. Kwenye Injili kuna mahali ambapo Bwana wetu anapelekwa juu ya mnara wa hekalu, na Ibilisi anamwambia ajirushe, malaika watamdaka. Fikiria: urefu wa kutisha, watu wengi chini, na uhakika wa kushangiliwa. Ingekuwa video ya karne. Yesu akakataa. Kumjaribu Mungu hakukuwa imani.

Lakini Yesu huyohuyo, baadaye, alikaza uso kwenda Yerusalemu akijua kinachomsubiri. Akapanda Kalvari. Hakuwa mwoga pale mnarani. Alikuwa anautunza uhai wake kwa ajili ya kitu kinachostahili kuutoa.

Pier Giorgio namwelewa kwa njia hiyo. Mlimani alikuwa na busara: kamba, wenzake, dhamiri safi. Hakuurusha uhai wake ili ashangiliwe. Ndiyo maana Mungu alipouhitaji kwenye ngazi za maskini, aliukuta upo, mzima, tayari kutolewa. Mlima ulimfundisha kuchoka bila kulalamika na kuvumilia baridi, na mwili uliozoea hivyo ulipanda ghorofa za maskini bila kunung'unika.

Katekisimu, namba 2288 na kuendelea, inatukumbusha kwamba uhai na afya ni zawadi za Mungu tunazopaswa kuzitunza. Inaonya dhidi ya kuufanya mwili na mafanikio ya michezo kuwa sanamu ya kuabudiwa. Namba 2290 inasema wazi kwamba anayehatarisha usalama wake na wa wengine kwa ulevi au kwa kupenda mwendo kasi anabeba kosa zito. Wengi wetu hatutakanyaga Alps. Lakini mwendo kasi tunaujua. Tunamjua kijana anayeinua tairi la mbele la bodaboda barabarani, abiria nyuma, mwenzake anarekodi. Huo ndio mnara wetu wa hekalu.

Kwa hiyo mimi sitaacha kuangalia skii. Kuna uzuri mle, na mwili wa binadamu unaporuka vile humsifu aliyeuumba. Ila nimejiwekea maswali matatu, nawe nakushirikisha. Kabla ya jambo lolote la hatari, jiulize:

1. Nani amefungwa kamba nami? Mama, mdogo wangu, abiria wangu? Nikianguka, nani anavutwa?
2. Kamera ikizimwa, bado ningelifanya?
3. Dhamiri yangu iko sawa leo, kama nisingerudi?

Na wiki hii fanya jambo moja la hatari ya kweli. Mtembelee mgonjwa ambaye watu wanamkwepa. Mtetee anayechekwa mbele ya kundi. Nenda ukaungame baada ya muda mrefu. Usipige picha.

Tusali

Ee Mungu, uliyempa Mtakatifu Pier Giorgio miguu yenye nguvu na moyo usiojihurumia, utupe busara ya kuutunza uhai wetu na ujasiri wa kuutoa. Utukinge na tamaa ya kuonekana. Wapokee wote waliofia milimani na barabarani, na uwafariji waliobaki. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Pier Giorgio Frassati, utuombee!